Karafuu ya Jumamosi Jioni

Worcester, Massachusetts
Februari 23, 2025

Dada yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa Mama, mimi huku ni mzima wa afya, wasiwasi ni juu yenu. Ramadhani inabisha hodi na huku theluji bado imejaa mlangoni. Pesa za futari nimezituma juzi. Fungu la Mama lisichanganywe na la nyumba.

Nimechelewa kujibu sauti uliyonitumia kuhusu mwanao. Ulisema unataka kumtoa skuli, kwa kuwa miaka mitatu sasa hajaweza kuandika hata jina lake, na kwamba kule kwenye darasa lao la watoto wenye ulemavu "anakwenda kucheza na wenziwe tu." Nimeisikiliza mara nyingi. Siku ile sikuwa na jibu. Tangu wiki iliyopita ninalo, na nimeona niliandike, maana kwa simu sitafika mwisho.

Bwana ninayemhudumia amefiwa na mama yake.

Jina lake silitaji, ni amana ya kazi, lakini wewe unamjua kwa habari zangu: yule Myahudi wa miaka 57 mwenye ulemavu wa akili, anayeniuliza kila asubuhi kama Pemba kumekucha. Mimi ndiye ninayempa vidonge vyake vya kifafa, ninayemwogesha, ninayempeleka supamaketi kwenye kazi yake ya kukusanya vikapu. Miaka sita sasa. Nilidhani namjua.

Mama yake alikuwa akimpigia simu kila siku saa moja ya usiku. Jumanne ile simu haikulia. Ndugu mmoja wa familia alikuwa ameshanieleza habari, akaniomba ninyamaze kwanza, "kwani hataelewa." Nikanyamaza. Alikaa mbele ya simu mpaka saa nne, koti mwilini, kofia kichwani, na mimi naosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Usiku ule nitausimamia mbele ya Mungu, Dada.

Mayahudi huzika haraka kama sisi. Baada ya maziko hukaa matanga siku saba, na jina lake ni shiva, yaani saba yenyewe. Vioo vya nyumba vinafunikwa. Wafiwa wanakaa kwenye viti vifupi. Majirani wanaleta chakula, na hawakosi mayai ya kuchemsha. Sikuhitaji mtu wa kunifundisha namna ya kukaa msibani. Nilishika birika nikawa nawapa watu chai. Lakini niliona jambo. Kila aliyeingia alimpigapiga yule bwana begani kisha akaniuliza mimi, juu ya kichwa chake: "Anakula? Analala?" Naye alikuwa pale pale, anasikia. Siku mbili hakusema neno.

Jumamosi, ambayo ni Sabato yao, matanga husimama, kisha usiku yanaendelea. Tulikuwa nyumbani kwa marehemu, Newton, karibu na Boston, na theluji ikaanza kuanguka tangu alasiri. Sasa wao, ili mfiwa aweze kusoma kaddish, sala anayoisoma kwa ajili ya mzazi wake, lazima watimie watu kumi. Katika madhehebu ya nyumba ile wanawake nao huhesabiwa. Walikuwepo wanne tu: yeye, dada yake, shemeji yake na jirani mmoja mzee. Mimi si wa dini yao, siingii katika hesabu. Simu zikawa zinalia, huyu hawezi kutoka, yule barabara imefungwa. Dada yake akasema basi, usiku huu hatutasoma.

Giza lilipoingia sawasawa tukasikia gari. Wakashuka watu sita. Wawili walikuwa mwanamke na mwanamume wenye mvi, na wanne walikuwa watu kama bwana wangu. Mmoja kwenye kiti cha magurudumu, mmoja mwanamke mfupi aliyevaa fulana ya kambi juu ya sweta, fulana iliyochakaa mpaka maandishi hayasomeki. Walikuwa watu wa kambi aliyokuwa akipelekwa utotoni wakati wa kiangazi.

Yule mwenye fulana hakuvua hata viatu. Alikwenda moja kwa moja akakaa chini, sakafuni, mbele ya kile kiti kifupi.

"Mama yako amekufa?"

"Amekufa."

"Wangu pia alikufa. Palikuwa na theluji."

"Nani atanipigia simu saa moja?"

Akafikiri. Akasema: "Mimi Jumatatu." Akageukia wenzake kwa kidole, mmoja mmoja, na kila mmoja akataja siku yake. Hivyo ndivyo yule bwana alivyolia. Siku ya tatu ya msiba wake ndipo alipopata wa kulia nao, na sisi wenye akili zetu kamili tulikuwa tumemzunguka muda wote huo.

Kisha akasimama yeye mwenyewe kuhesabu watu. Kwao watu hawahesabiwi moja, mbili, tatu, kama bibi yetu alivyokuwa hataki watoto wahesabiwe vichwa. Wanao mstari wa Zaburi wenye maneno kumi. Kila mtu hupewa neno lake, na neno la mwisho likipata mtu, jamaa imetimia. Alikuwa na mstari huo kwa moyo tangu utoto. Akapita, neno na mtu, neno na mtu, na neno la kumi likamwangukia yule wa kiti cha magurudumu, aliyekuwa bado anapanguswa theluji mlangoni. Bwana wangu akaruka kwa furaha, msibani, na hakuna aliyemkataza. Wakasimama wakasoma. Kaddish haitaji kifo hata kwa neno moja, ni kumtukuza Mungu mwanzo mpaka mwisho, na kila mara wanaitikia amina. Nami nilikuwa jikoni na birika langu, nikaitikia.

Baada ya sala wanaiaga Sabato kwa mshumaa uliosukwa kama nywele, na kikasha cha manukato kinachopitishwa mkono kwa mkono kila mtu anuse. Kikasha kikafika kwangu. Dada, ilikuwa karafuu. Nilikuwa nimesimama Newton, theluji inagonga dirisha, na pua yangu iko Wete, uwanjani kwa Mama, majamvi yameanikwa. Nikamwambia bwana wangu: hii ndiyo harufu ya kwetu. Akanusa tena, muda mrefu, akawaambia wenziwe wote mmoja mmoja kwamba hii ni Pemba.

Yule mwanamke mwenye mvi alinisaidia kuosha vikombe, akanihadithia. Alikuwa mlezi wao kambini mwaka 1983, msichana wa miaka kumi na tisa, na kwa ajili ya majira yale ya joto akaacha alichokuwa akikisomea akawa mwalimu wa watoto wenye ulemavu mpaka alipostaafu. Kambi yenyewe iko Palmer, mwendo wa chini ya saa moja kutoka hapa Worcester, nami nimepita kwenye kibao chake mara ngapi sijui. Inaitwa Ramah. Watoto wa Kiyahudi hukaa huko wakati wa kiangazi, wanasali, wanaogelea ziwani, wanaimba kwa Kiebrania, Ijumaa jioni wote wamevaa nyeupe. Zamani ilikuwa ya watoto wasio na ulemavu tu. Mwishoni mwa miaka ya sitini, mume na mke walimu, Herb na Barbara Greenberg, walibisha hodi kwa wakuu wa kambi za Ramah wakiomba watoto wenye ulemavu nao wapokelewe. Wakajibiwa kwamba watoto wengine watafadhaika, wazazi watawaondoa watoto wao, mpango wa kambi utaharibika na fedha hazitatosha. Mmoja tu alikubali, Donald Adelman, mkuu wa kambi ya Glen Spey, jimbo la New York. Wakaanza mwaka 1970, wakaiita Tikvah, yaani tumaini, kisha ikahamia Palmer. Pima mwenyewe: sheria ya Marekani ya kumpa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya skuli ilipitishwa mwaka 1975. Watu hawa hawakuingoja.

Na hapo hapo, mji jirani na Palmer, unaitwa Belchertown, palikuwa na taasisi ya serikali iliyofunguliwa mwaka 1922, watu kama bwana wangu walikuwa wakitiwa humo wangali watoto na kusahauliwa. Ilifungwa mwaka 1992. Bwana wangu alipozaliwa, mwaka 1968, daktari alimwambia mama yake ampeleke mahali kama pale, arudi nyumbani azae mwengine. Mama akakataa. Miaka kumi na tatu baadaye akampeleka Palmer, kambini. Maili chache tu zinatenganisha sehemu hizo mbili. Nimezifikiria maili hizo wiki nzima.

Nikamuuliza yule mwalimu: bwana wangu alijifunza nini kule? Nilitaraji aseme kusoma, kuhesabu. Akasema alijifunza kutandika kitanda, na kusoma baraka ya divai, na huko huko kambini, akiwa na miaka kumi na sita, akasoma Torati mbele ya kambi nzima, sherehe ambayo wenzake huifanya na miaka kumi na tatu na ambayo sinagogi la kwao halikujua limfanyie vipi. Kisha akasema hayo mengi angeweza kujifunza popote. "Alichokipata kwetu," akaniambia, "ni watu waliokuwa naye akiwa mtoto." Ndiyo hao. Kila Ijumaa, kabla jua halijazama, wanaonana kwenye Zoom kutoka Boston, New York, Florida, wanatakiana Sabato njema, wanaambizana nani amelazwa hospitali, nani amepata kazi. Mimi humfungulia kompyuta kisha naondoka kwenda kupika, nikidhani ni kelele za kumpitishia muda. Wapo wawili waliopendana kambini na leo wanakaa nyumba moja. Wapo waliokwenda Jerusalem pamoja. Tarehe za kuzaliwa za watu arobaini bwana wangu anazo kichwani, naye hajui leo ni mwezi gani.

Na sasa nikwambie la kwangu. Mwaka jana walikuwa na mkutano wao wa wazee wa kambi, waliopita kuanzia miaka ya sabini na kuendelea. Karatasi ya mwaliko ilikuja, ilibandikwa kwenye friji. Ilikuwa siku yangu ya kazi. Nikamwambia barabara ni mbaya, tutakwenda mwakani. Barabara haikuwa mbaya kiasi hicho. Nilikuwa nimetoka zamu mbili mfululizo na nilitaka kulala. Alikubali, kwa sababu hana gari, na asipopelekwa hana pa kwenda. Ile karatasi hakuitoa kwenye friji mpaka leo. Watu hawa wote maisha yao ya urafiki yako mikononi mwa mtu mwenye ufunguo wa gari, na kwa mmoja wao mtu huyo nilikuwa mimi. Nimemwomba radhi. Akaniuliza kama Pemba kumekucha.

Mkutano ujao ni Mei. Nimeshaomba zamu hiyo kwa msimamizi wangu kwa maandishi.

Dada, mwanao ana miaka kumi na tano. Umenitajia wenziwe mwenyewe bila kukusudia, kwenye sauti zako za nyuma: yule anayembebea mkoba, yule asiyesema anayecheka tu, yule binti wa Jadida anayemgombeza asipofunga vifungo. Wewe unaona mchezo, na kweli wanacheza. Lakini mimi na wewe tutakufa, na aliyetangulia kuzaliwa hutangulia. Siku hiyo watakaoingia nyumbani watampigapiga begani. Nani atakayekaa chini mbele yake amuulize kama mama yake amekufa? Atakuwa yule binti wa Jadida. Usimtoe kule. Akikosa kuandika jina lake maisha yake yote, hawa watalijua.

Najua maneno ya watu njiani, na najua nauli. Nauli iwe juu yangu kuanzia mwezi huu, ya kwake na ya yule ambaye mama yake huwa hana. Utaniambia ni kiasi gani. Na siku za Idi waite wote waje wale nyumbani, na mama zao, muwe mnajuana. 

Jambo la mwisho. Kijana wa Wete anakuja kula Idi nyumbani, atarudi huku mwezi wa nne. Mpe karafuu, kiasi cha kujaa viganja viwili tu, kavu, zisizovunjika vichwa. Yule mwalimu ana kikasha, na bwana wangu ameshawaahidi wenziwe kwamba mkutanoni watanusa za Pemba yenyewe. Lakini usizichambue wewe. Mwagia jamvini, mwite mwanao na wenziwe, watoe makonyo wao. Wakichelewa, wasubiri.

Nisalimie Mama, mwambie nimekula.

Nduguyo akupendaye,
mjomba wa mwanao