Usikaze, na usiache

Mwanangu mpenzi,

Nimesikiliza ile sauti uliyonitumia jana usiku. Unasema ngazi unazishuka kinyumenyume, mikono yote miwili imeng'ang'ania reli, na kukaa kitini ni kazi, kuinuka nako ni kazi zaidi. Siku 4 mfululizo umepiga skwati 100 kila siku, kuchuchumaa na kuinuka, na siku ya 5 ukatoka kukimbia mpaka pumzi ikakata. Mwishoni ukaniuliza: "Mama, nikaze au niache?" Nimelala na swali hilo, na kulipokucha nikaona jibu lake ni refu kuliko simu. Kwa ufupi: usikaze, na usiache. Urefu wake ndio huu.

Tuanze na hayo maumivu, maana najua yanakutisha hata kama unayacheka. Wenzako watakuambia ni asidi laktiki iliyoganda kwenye misuli. Si kweli. Laktiki husafishwa na mwili ndani ya saa moja au mbili hivi baada ya zoezi, ilhali maumivu yako yalianza kesho yake na kuzidi siku ya 2. Chanzo chake ni michubuko midogo mno ndani ya nyuzi za misuli, pamoja na uvimbe unaotokea mwili ukijikarabati. Michubuko hiyo hutokea zaidi pale msuli unaporefuka huku umebeba uzito. Ndiyo maana kushuka kwenye skwati kunaumiza kuliko kupanda, na ndiyo maana leo ngazi unaziogopa wakati wa kuteremka. Siku chache yataisha, na safari ijayo zoezi hilohilo halitakuuma hivyo, kwa kuwa msuli ukishapitia hali hiyo mara moja hujikinga. Basi usiyafanye maumivu kuwa kipimo cha kazi nzuri. Mtu anaweza kuimarika mwezi mzima bila kuchechemea hata siku moja.

Lakini nisikilize vizuri hapa. Ukiona mkojo umegeuka rangi ya kahawia iliyokoza, au paja limevimba na kukakamaa, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho. Msuli uliovunjika kupita kiasi humwaga protini kwenye damu, na protini hiyo huumiza figo. Hutokea hasa kwa mtu kama wewe, aliyekaa muda mrefu bila mazoezi kisha akayavamia yote kwa wiki moja.

Sijawahi kukusimulia vizuri habari za mguu wangu. Ulikuwa hujazaliwa. Niliteguka goti nikicheza netiboli, mguu ukafungwa plasta wiki 6. Siku ulipofunguliwa nililaza miguu yote miwili kitandani nikaitazama, nikadhani ule mmoja si wangu. Ngozi kavu, paja limelegea kama mkono wa shati usiokuwa na mtu ndani. Mtaalamu wa mazoezi tiba alichukua futi ya fundi cherehani, akapima paja moja kisha la pili: tofauti sentimita 4. Mimi ni yuleyule, chakula ni kilekile, damu ni ileile. Mguu mmoja ulikuwa umeendelea kubeba kazi, mwingine ulikuwa umepumzishwa, basi. Siku hiyo niliushika ukweli ambao vitabu vyote vya mazoezi vinauzunguka: mwili hautunzi kisichotumika, na kinachotumika haukiachi kipungue.

Baadaye nikasoma juu ya jaribio la mwaka 1966 kule Dallas, Marekani. Mtafiti Bengt Saltin na wenzake waliwalaza kitandani vijana 5 wenye afya kwa wiki 3 tu. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Wakawekwa kwenye mazoezi wiki 8, na uwezo ukarudi. Miaka 30 ikapita, wale wanaume 5 wakaitwa tena kupimwa. Hakuna hata mmoja ambaye miaka 30 ilikuwa imemshusha kuliko zile wiki 3 za kitanda. Nikikumbuka habari hiyo huwa nakuwazia wewe, jinsi ulivyokaa kwenye kiti mwaka mzima ule wa mitihani. Umeshuka, ni kweli, lakini njia ya kurudi ipo, na si ndefu kama unavyoiogopa.

Sasa, kurudi kwenyewe. Yule mtaalamu alinifunga kifundoni kifuko cha mchanga cha nusu kilo. Nikae ukingoni mwa kitanda, ninyooshe goti taratibu, nishushe taratibu zaidi, mara 10. Nilivunjika moyo, maana niliona nafanyishwa mchezo wa watoto. Ilipofika mara ya 8 mguu ulianza kutetemeka, na ya 10 sikuimaliza vizuri. Wiki iliyofuata 10 zikawa rahisi, akaongeza robo kilo. Na iliyofuata, vivyo hivyo. Hakuna siku aliyoniambia leo tutafanya makubwa.

Utaratibu huo una baba yake. Thomas DeLorme alikuwa daktari wa jeshi la Marekani, akiwahudumia askari waliojeruhiwa miguu katika Vita vya Pili vya Dunia. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuwapa uzito mwepesi wairudie kazi mara nyingi. Yeye aliwapa uzito wa maana, mara chache, akauongeza kadiri nguvu zilivyorudi, na mwaka 1945 akaandika matokeo. Ujanani mwake aliugua homa ya baridi yabisi, akalala kitandani muda mrefu, kisha akajijenga upya kwa kunyanyua vyuma. Naamini aliwaelewa wagonjwa wake kwa sababu hiyo. Seti 3 za mara 10, yaani mizunguko 3 yenye mapumziko kati yake, ambazo kila ukumbi wa mazoezi unazitaja leo zina asili katika kazi yake.

Kwa hiyo ulipoanza na 100, mwanangu, hukukosea kwa kuwa 100 ni nyingi. Ulikosea kwa kuwa hukujiachia pa kwenda. Kesho yake utafanya nini, 150? Mwili hujibu ongezeko dogo juu ya ulichozoea. Ukiuletea kilekile kila siku, haubadiliki. Ukiuletea mara 5 ya uwezo wake, kazi yake yote inakuwa kutibu majeraha, haubaki muda wa kujenga.

Na kujenga kwenyewe hakufanyiki wakati wa zoezi. Hapa ndipo vijana wengi mnapoteleza. Ukimaliza kufanya mazoezi unatoka ukiwa dhaifu kuliko ulivyoingia: nishati iliyohifadhiwa kwenye misuli imepungua, nyuzi zimechubuka, mishipa ya fahamu imechoka. Baada ya hapo, kwa muda wa siku moja hadi mbili, msuli hutengeneza protini kwa kasi kuliko kawaida, na unapolala usingizi mzito ndipo homoni ya ukuaji humwagika kwa wingi. Kipindi hicho kikipita unakuwa umepanda kidogo juu ya ulipokuwa. Sasa wewe uliyarudia mapaja yaleyale kesho yake, na keshokutwa, na mtondo. Kila siku ulilivunja tofali ambalo fundi hajalikausha. Na najua ulikuwa unaingia kulala saa 8 usiku. Ukinisikiliza kwa jambo moja tu katika barua hii, liwe usingizi.

Kuna jingine ambalo mimi nimelipia. Mwezi wa 4 baada ya plasta, goti lilikuwa safi, paja limejaa, pumzi nzuri. Nikajiona nimepona. Kutoka kukimbia dakika 15 nikaruka hadi 45 ndani ya wiki mbili. Asubuhi moja nikashuka kitandani, hatua ya kwanza tu, kisigino kikanichoma kwa nyuma kama nimekanyaga msumari. Kano, ile kamba inayoushika msuli kwenye mfupa. Nilikaa miezi 7 bila kukimbia tena. Kumbe viungo vya mwili mmoja havipandi ngazi kwa mwendo mmoja. Wiki za mwanzo unapata nguvu haraka kwa sababu ubongo na mishipa ya fahamu inajifunza kuiamsha misuli yote ifanye kazi pamoja, kabla hata misuli haijanenepa. Moyo na pumzi navyo huitikia ndani ya wiki chache. Kano na mifupa huchukua miezi. Basi kuna kipindi, yapata mwezi wa 2 mpaka wa 4, ambapo utajisikia simba huku kano zako bado ni za mwaka jana. Naomba kipindi hicho uniamini mimi kuliko unavyojisikia.

Kuhusu kukimbia, usikimbie mpaka pumzi ikate. Kwa miezi ya kwanza kimbia kwa mwendo ambao unaweza kuniambia sentensi nzima bila kukatiza, ila wimbo ungekushinda. Ukishindwa na sentensi, tembea kidogo. Kuna hesabu maarufu ya kutoa umri wako kwenye 220 upate kikomo cha mapigo ya moyo. Huo ni wastani wa watu wengi, na kwa mtu mmojammoja unaweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi. Kipimo cha sentensi unatembea nacho. Kwa mwendo huo wa upole moyo hujifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, mishipa midogo ya damu huongezeka ndani ya misuli, na mitokondria, zile tanuri ndogo za ndani ya seli, huzidi. Pima mapigo yako asubuhi kabla hujainuka kitandani, uyaandike. Baada ya miezi 2 au 3 huenda ukayaona yameshuka.

Uliniuliza pia juu ya kupunguza tumbo kwa mazoezi ya tumbo. Mazoezi ya tumbo huimarisha misuli ya tumbo, hayachagui mafuta ya kuchoma. Mafuta hutoka mwilini kwa utaratibu wa mwili wenyewe. Fanya, lakini usiyadai kisichokuwa chake.

Ngazi zako zimenikumbusha wale makondakta wa London. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Madereva walikaa siku nzima kwenye usukani. Makondakta walipanda na kushuka ngazi za basi zamu nzima wakikata tiketi. Makondakta waliugua ugonjwa wa moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva. Hakuna aliyewafundisha, hakuna aliyekuwa akihesabu seti. Ni ngazi chache, tena na tena, mwaka baada ya mwaka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawataka watu wazima wafanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku 2 au zaidi za kuimarisha misuli. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku 5. Wewe ulizitaka zote kwa siku moja.

Basi fanya hivi. Siku 2 hizi tembea tu, polepole, damu izunguke. Maumivu yakishaisha, anza na siku 3 kwa wiki, ukiruka siku kati yake. Pasha mwili joto dakika 5 hadi 10 kwa kutembea haraka na kufanya zoezi lenyewe kwa wepesi. Kisha skwati seti 3 za mara 8, uishie pale unapohisi ungeweza kupiga 2 au 3 zaidi. Pushapu vilevile, hata kama ni za kuegemea meza. Pumzika dakika 2 kati ya seti, usiione aibu. Ukiona seti zote zimekuwa nyepesi mara mbili mfululizo, ongeza kitu kimoja: ama idadi, ama uzito. Usiongeze viwili kwa pamoja. Siku 2 nyingine kimbia au tembea kwa mwendo wa sentensi. Kila baada ya wiki 4 au 5, wiki moja fanya nusu. Na ukisikia kiungo kinachoma mahali pamoja, kama sindano, acha hapohapo. Uchovu wa msuli huenea, maumivu ya kano au ya kiungo hukaa sehemu moja.

Nimemwomba dada yako akuletee lile daftari langu la jalada la kijani. Kurasa za mwanzo ni za ule mguu: tarehe, uzito wa kifuko, mara ngapi. Utaona nusu kilo, nusu kilo, robo tatu, robo tatu, kilo. Utaona na ule mwezi wa 4, kisha kurasa tupu. Kuanzia katikati ni nyeupe, ziko zako. Andika siku yako ya kwanza, kisha unitumie picha ya ukurasa.

Mama yako