Shukrani kwa kaka wa kamba ya tezi, nyuma ya boti

Kaka, jina lako sikulishika, na Kihispania changu ni cha kuombea maji tu. Pokea asante yangu hapa.

Kwenye Mfereji wa Panama, yoti ndogo lazima iwe na washika kamba wanne mbali na nahodha. Pale Colón, mji wa mlangoni mwa mfereji, tulibaki watatu, mwenzetu homa imemlaza. Ukaacha boti yako, ukaja na glavu zako mwenyewe.

Malango ya Gatún, vyumba vitatu vya kujazwa maji, yanakupandisha mita 26 hadi ziwani, na maji yanatokota chini yako kama sufuria. Kamba ikilegea unavuta, ikilegea unavuta. Yangu ikajisokota kwenye chuma cha kufungia, nami nikatia vidole kuinasua. Ukanizaba kofi la mkono! Nilikasirika, nisiseme uongo. Papo hapo boti ikasukwa, kamba ikakaza ikalia kwii, ikachubua rangi.

Vidole vinavyoandika haya ni kumi, kamili.

Usiku ule ziwani ulirudia wali wa nazi mara tatu, ila pesa ukakataa katakata. Ukifika Mombasa, wali upo.