Risala ya Siku ya Kuipokea Vuli

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu,
Ndugu Mtendaji wa Kata na Wenyeviti wa Mitaa,
Mwalimu Mkuu na walimu wenyeji wetu,
Viongozi wa dini, wazee wetu, wazazi na watoto,
Mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha Moshi, chini ya mijakaranda ya shule hii ambayo tangu wiki iliyopita imemwaga maua hadi ardhi haionekani. Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe kwa kukubali mwaliko wa kikundi kisicho na ofisi wala gari. Tulicho nacho ni ngoma saba, makopo ya rangi, na watu wanaotoka kazini saa kumi na moja jioni kuja kuimba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulipokuletea barua ya mwaliko uliuliza kwa nini sherehe hii tumeiweka mwanzoni mwa Novemba, mwezi usio na sikukuu yoyote. Swali lako lilitufurahisha, na sehemu kubwa ya risala hii ni jibu lake.

Kila mwaka, tarehe 22 au 23 Septemba, jua huvuka ikweta kwenda kusini. Kwa ndugu zetu wa Afrika Kusini hapo ndipo majira ya machipuko yanapoanza, na mjakaranda huu huu, ambao asili yake ni Amerika ya Kusini, huipamba Pretoria kama unavyoipamba Moshi na Arusha. Sisi tuko zaidi kidogo ya digrii 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutufikia utosini mwanzoni mwa Oktoba. Mwalimu wa sayansi wa shule hii aliwatoa watoto uwanjani, wakasimika mpini wa fagio wima, wakakaa kuuzunguka. Ilipofika saa sita na dakika ishirini hivi mchana kivuli kilikuwa kimekwisha. Mtoto mmoja wa darasa la tatu akauliza, "Mwalimu, kimeingia ardhini?" Mwalimu akamwambia asubiri, kwa sababu mvua hulifuata jua kwa nyuma, na jua likishapita juu yetu hazipiti wiki nyingi mawingu nayo yanafika. Juzi usiku yamefika. Wote tuliokaa hapa tulisikia bati lilivyolia.

Basi hii ndiyo sikukuu yetu. Kwetu hakuna theluji ya kuyeyuka mitaani. Kuna vumbi la Agosti na Septemba, kuna majani ya migomba yaliyopasuka kwa upepo mkavu, kisha linaingia tone la kwanza. Mwenye kahawa anajua zaidi. Mti uliovumilia kiangazi ukipata mvua nzuri, baada ya siku saba hadi kumi hivi matawi yake hujaa maua meupe yenye harufu kama ya asumini, na baada ya siku mbili tatu maua hayo yamekwisha kusinyaa. Mzee mmoja wa Kibosho, mwanachama mwenzetu, anasema utotoni mwake mama yake alikuwa akiwaamsha alfajiri wakanuse kabla jua halijapanda. Alitusimulia hayo akiwa amefumba macho, na vijana wetu watatu waliozaliwa Pasua, huku mjini, wakagundua kwamba hawajawahi kuliona ua la kahawa. Jumapili iliyofuata tulipanda nao hadi kwake.

Tunajua hatukuanza sisi kuyapokea majira kwa ngoma. Mwanachama mwenzetu mmoja ni mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, na ndiye aliyetueleza kuhusu Mwaka Kogwa, ambapo wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba ili kumaliza kinyongo cha mwaka mzima, kibanda kikachomwa moto na kina mama wakaimba. Sikukuu hiyo ina undugu na Nairuzi ya Waajemi, inayoadhimishwa Iran na nchi jirani zake kila Machi, siku machipuko yanapoanza huko, na ambayo Umoja wa Mataifa uliitambua rasmi mwaka 2010. Waswahili waliihesabu kwa mwaka wa siku 365 bila kuongeza ile siku moja kila baada ya miaka minne, ndiyo maana ikasogea kidogo kidogo, na leo huangukia Julai. Habari hiyo ilitugusa sana. Sikukuu imevuka bahari, imehama majira yake, na watu bado wanaicheza.

Sisi tunataka yetu isihame. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hilo ndilo jambo tulilokuitia. Nyimbo nyingi za wazee wetu zilikuwa na kazi yake na mwezi wake. Kulikuwa na za kupanda, za kupura, za kusaga ulezi, na kulikuwa na nyimbo za msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuzibua mifongo, ile mifereji iliyoleta maji ya mlimani hadi kwenye kihamba, shamba la nyumbani, cha kila mtu. Mzee wetu wa Kibosho anakumbuka pembe ikipulizwa kukiwa bado giza, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, na wimbo unaanza ili majembe yote yashuke pamoja. Leo maji ya bomba yamefika sehemu nyingi na tunaishukuru Serikali, lakini wimbo haukupata mahali pa kuhamia. Ukiuimba jukwaani mwezi Juni kwenye mashindano, wamevaa sare, dakika nne zimekwisha, unakuwa onyesho. Ukiuimba leo, udongo ukiwa umelowa na majembe yako mkononi, hata mtoto asiyejua Kichaga anaelewa unasema nini.

Na watoto wetu wengi hawakijui. Hapa Majengo, Njoro na Pasua tumezaliwa tukiongea Kiswahili, na baba akiwa wa Machame na mama wa Same, nyumbani tunakutana kwenye Kiswahili hicho hicho. Hatulilalamikii hilo, ndiyo Tanzania yetu. Tunachofanya ni kumrekodi mzee kwa simu, kisha tunakaa naye neno kwa neno atupe maana, halafu mtoto anaimba lugha ya mzee akijua anachokiimba. Ndani ya kikundi tuna kijana kutoka Mwanza aliyetufundisha bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa na majembe. Utaiona baadaye. Wachezaji wake leo ni Wachaga, Wapare, Mmasai mmoja, na binti mmoja wa Kigoma ambaye jembe lake ndilo hurushwa juu kuliko yote.

Ukutani kushoto kwako zimepangwa picha za watoto. Wamezichora kwenye hadibodi kwa rangi za mafuta zinazong'aa, kwa mtindo ambao Edward Saidi Tingatinga aliuanzisha Dar es Salaam mwaka 1968, akafariki miaka minne tu baadaye na kuwaachia wengine kazi inayowalisha hadi leo. Watoto waliambiwa wachore mvua. Tunakuomba usimame kidogo kwenye ile yenye Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya mlima wetu Kilimanjaro, wakiwa watu wawili, mmoja amekuja kuomba moto kwa mwenzake, na mgongoni amechanika kwa kipigo cha mchi. Hadithi hiyo kila bibi wa mlimani anaijua. Aliyeichora ana miaka kumi, na amemwekea Mawenzi mwavuli.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, safari yetu imekuwa na mikwamo, na mmoja unatuuma bado. Ngoma ni ngozi na mti, na adui yake ni unyevu. Mwaka juzi tuliazimwa chumba katika jengo moja la umma tukahakikishiwa kwamba ni salama. Tuliporudi mwezi Mei, masika ikiwa imekolea, bati lilikuwa limevuja muda mrefu na hakuna aliyetuambia. Ngoma mbili zilikuwa zimeoza ngozi, na moja mti wake umepasuka kuanzia mdomoni hadi kitakoni. Hiyo iliyopasuka ilitoka kwa marehemu babu wa mwenzetu. Hatukupata wa kumuuliza.

Zilizobaki zimegawanywa majumbani. Kubwa kuliko zote inalala kwa bibi yetu wa Uru, ambaye ni mwalimu wetu sote. Jana jioni tulimkuta ameiamsha kwa ajili yako. Alikusanya majani makavu ya mgomba, akayawasha, akaishika ngoma kwa pembeni ngozi ikitazama moto, akawa anaizungusha polepole kama mtu anayechoma ndizi. Kila baada ya muda anaigonga kwa ncha ya kidole cha kati, anainamisha kichwa, anasikiliza, anairudisha. Mwanzoni ilitoa mlio mzito wa kitu kilicholowa. Ukaanza kukauka, ukapanda, hadi mbwa wa jirani akabweka. Bibi akasema, "Haya, imeamka, msiicheleweshe." Ana miaka zaidi ya themanini na anaishi na moshi huo machoni kila mara tunapohitaji ngoma, kwa sababu hatuna mahali pakavu pa kuziweka.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza ni chumba. Kiwe kimoja, bati lisivuje, sakafu iwe ya saruji, mlango uwe wa kufuli. Mafundi tunao, na tumeanza kuchangishana. Tunachokosa ni kiwanja au kibali cha kujenga kwenye eneo la umma.

Ombi la pili ni tarehe. Tunaomba ofisi ya Manispaa inayoshughulikia utamaduni iiweke Jumamosi ya kwanza ya Novemba kwenye ratiba yake ya mwaka, ili shule za jirani nazo zijiandae na tusilazimike kuomba ruhusa upya kila msimu.

Kina mama wetu wa batiki na ufinyanzi wangependa pia kuelekezwa namna ya kuomba mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Fomu walishawahi kuzijaza zikarudishwa bila maelezo. Wakipata mtu wa kukaa nao nusu siku tu, watashukuru sana.

Tunawashukuru Mwalimu Mkuu na kamati ya shule kwa uwanja huu, mama lishe waliojitolea chakula, na vijana wa bodaboda waliowabeba wazee wetu kutoka Uru na Kibosho bila kuchukua nauli.

Kama katika mapokezi yetu kuna mahali tumekukosea, tunaomba upokee jani la isale kutoka kwa mtoto atakayekuja mbele yako sasa hivi. Kwa Wachaga jani hilo ndilo huomba radhi, na aliyeletewa hakatai. Baada ya hapo, kwa idhini yako, bibi yetu wa Uru atakukabidhi kijiti. Ngoma yake ndiyo ile ya katikati, na ya kwanza leo tunaomba uipige wewe, tuanze kabla wingu lile la juu ya Kibo halijatushukia.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu wa Kikundi,
kwa niaba ya wanakikundi wote