Pakiti ni ya Mgonjwa, Sufuria ni ya Wote: Harambee ya Kaya 40 za Turkana

Salamu kwenu wazee wetu, kina mama, na ndugu na dada mliotawanyika kutoka Lodwar hadi Kitale, Nairobi na ng'ambo. Tunaomba shilingi 850,000 kwa ajili ya kaya 40 za Turkana zenye mtoto anayetibiwa utapiamlo mkali. Kabla hujatia mkono mfukoni, tungependa ujue pesa hizo zinakwenda wapi, maana haziendi pale ambapo wengi wanadhani.

Haziendi kununua Plumpy'Nut. Chakula-dawa hicho ni karanga zilizosagwa zikachanganywa na maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Hutolewa bure kwenye kliniki za lishe, na ukikiona kikiuzwa dukani usikinunue, kwa sababu kila pakiti inayonunuliwa sokoni imetoka kinywani mwa mtoto mgonjwa. Pakiti moja ina gramu 92 na kalori 500. Mtoto wa kilo 6 mwenye utapiamlo mkali hupewa takriban pakiti mbili na nusu kwa siku, na katoni moja yenye pakiti 150 humtosha kwa wiki nane hivi za tiba. Haipikwi wala haichanganywi na maji, ndiyo maana mama anaweza kumtibu mwanawe nyumbani bila kulazwa hospitali.

Taabu huanza mama anapofika nyumbani na pakiti zake, akawakuta watoto wengine wawili hawajala tangu jana. Hakuna mzazi atakayemlisha mmoja huku wawili wakimtazama. Atagawa. Pakiti mbili na nusu zikigawanywa kwa watoto watatu, mgonjwa anabakiwa na chini ya pakiti moja: kalori 400 na ushei mahali pa 1,250. Wiki inapita, wanarudi kliniki, mizani inasoma palepale. Kadi inaandikwa kwamba mtoto haongezi uzito, na mama anarudi nyumbani na lawama isiyo yake. Dawa haina kasoro, na mama hajakosea. Sufuria ya nyumbani ndiyo tupu.

Basi harambee hii ni ya sufuria.

Wapo wanaouliza: si mvua ilirudi? Kweli ilirudi, baada ya misimu mitano mfululizo kukosa mvua ya maana, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022. Lakini nyasi zikiota leo, maziwa hayaji kesho. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano, na ngamia hukaribia miezi kumi na mitatu. Hiyo ni kwa aliyebakiwa na majike. Aliyepoteza kundi zima huanza na mbuzi mmoja au wawili wa kupewa na ndugu, na kwa miaka kadhaa hununua kila anachokula. Tena mvua yenyewe huja na kuhara na malaria, na mtoto aliyekwisha dhoofika huhara siku tatu tu akarudi chini kabisa. Ndiyo sababu kliniki za lishe hazifungwi kwa kuwa jangwa limekuwa kijani.

Tumepanga kuzishika mkono kaya 40 kwa miezi miwili, ambao ndio muda wa tiba. Kila kaya tumeihesabu kuwa na watu sita. Kwa mwezi itapata kilo 50 za mahindi, kilo 10 za maharagwe na lita 5 za mafuta ya kupikia yaliyoongezwa vitamini A. Ukipiga hesabu, kila mtu anapata takriban kalori 1,400 kwa siku, yaani theluthi mbili ya 2,100 zinazotumiwa kama kipimo katika kazi za misaada. Theluthi iliyobaki familia huitafuta yenyewe kwa makaa, mikeka, samaki wa ziwani au matunda ya mkoma. Hatukupanga kulisha mia fil mia, kwa sababu tungelazimika kupunguza kaya hadi chini ya 30. Tumeona heri kaya 40 zipate kiasi cha kuiacha pakiti ya mgonjwa iwe ya mgonjwa.

Hapa kuna jambo ambalo misaada mingi hulisahau: mahindi ya punje si chakula bado. Kinu kinadai pesa, na mama asiyekuwa na shilingi huuza kilo kadhaa za mahindi yaleyale ili asagiwe yaliyobaki, tena huyauza kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo pesa ya kusagisha imo ndani ya bajeti. Kaya zilizo mbali na kinu zitapewa unga badala ya punje. Maharagwe nayo hula kuni na maji. Yasiporowekwa tangu usiku, hupikwa saa tatu na zaidi. Tutagawa aina inayoiva upesi, hata kama ni ghali kidogo.

Mahindi tutayanunua Kitale, ambako ndiko yanakolimwa, kisha lori lipandishe barabara ya Kainuk na Lokichar. Kabla ya gunia kupakiwa, unyevu wake usizidi asilimia 13.5. Pasipo na kipimo, chukua chupa kavu ya kioo, tia kiganja cha mahindi na vijiko vichache vya chumvi kavu, tikisa, uache dakika kumi. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi ni mabichi, yarudishwe. Si kwamba tunachagua-chagua kama mtu mwenye shibe. Mahindi mabichi yakifungiwa ndani ya lori lenye joto huota ukungu, na ukungu huo huacha sumu ya aflatoksini ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Kumpa mtoto ambaye ini lake limekwisha choka mahindi ya namna hiyo ni dhambi.

Kaya 28 zitapata chakula chenyewe. Kaya 12 zilizo karibu na maduka zitatumiwa shilingi 7,500 kwa mwezi kwa M-Pesa, ambayo ni gharama ileile ya chakula cha kaya moja kwa mwezi. Tunaipenda pesa taslimu kuliko gunia, kwa sababu mama anajua upungufu wa nyumba yake kuliko kamati yoyote: labda ana unga ila hana sabuni, au anataka kununua mbuzi mwenye maziwa. Lakini pesa ina masharti yake. Duka liwe na bidhaa, mtandao uwepo, na ajenti awe na pesa mkononi. Wanawake 12 wakifika kwa ajenti mmoja siku moja, wa saba anaambiwa arudi kesho, na kesho ni kilomita ishirini kwa miguu. Wenye maduka nao hupandisha bei wakijua siku ya malipo. Kwa hiyo tutatuma kwa mafungu ya watu watatu, siku tofauti. Asiye na kitambulisho hawezi kusajili laini kwa jina lake, na pesa ikipitia kwa simu ya shemeji hufika imepungua. Mama wa namna hiyo atahesabiwa kwenye upande wa chakula mpaka kitambulisho kitoke.

Nani anaingia kwenye orodha? Mtoto awe ameandikishwa kliniki kwa utapiamlo mkali: utepe wa kupimia unene wa mkono wa juu unasoma chini ya sentimita 11.5, au miguu yote miwili imevimba kiasi kwamba ukibonyeza kwa kidole gumba sekunde tatu, shimo linabaki. Nyumbani kuwe na mtoto mwingine wa chini ya miaka mitano, na kusiwe na mnyama anayekamuliwa. Muuguzi ndiye anayetoa majina ya kwanza, kisha wazee na kina mama wa kijiji wanayapitia hadharani. Jina la jamaa wa mwanakamati halipiti bila kikao kizima kukubali.

Shilingi 80,000 tumeziweka kwa nauli ya bodaboda ya kina mama 25 wanaoishi mbali, safari nane kila mmoja. Kliniki ni ya kila wiki, na wanaoacha tiba katikati mara nyingi huacha kwa ajili ya umbali. Mtoto hutolewa kwenye tiba utepe ukisoma 12.5 au zaidi mara mbili mfululizo na uvimbe umekwisha. Akikatiza wiki ya tano kwa kuwa ameanza kucheza, atarudi baada ya mwezi akiwa na hali mbaya zaidi.

Fungu la 42,000 ni la chakula cha mama aliyelazwa na mtoto wodini. Hili tunaliombea kwa uchungu. Mtoto aliyekataa kula, mwenye homa kali au anayetapika, hatibiwi nyumbani. Hulazwa na kuanzishwa maziwa maalumu ya F-75 kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Akishindiliwa chakula kingi siku ya kwanza, moyo wake unaweza kushindwa. Wodi inamlisha mgonjwa. Mama anayemwamsha saa nane za usiku ili anywe, na ambaye huenda bado ananyonyesha, mara nyingi hana anayemletea hata chai. Nyumbani dada mkubwa ameacha shule kuwaangalia wadogo. Siku ya tatu mama huomba ruhusa, au huondoka bila kuomba, na mtoto anatoka kabla ya wakati. Shilingi 300 kwa siku kwa siku saba, kwa kina mama 20, zinaweza kumshikilia mama kitandani pa mwanawe.

Shilingi 60,000 ni za maji na usafi: mitungi miwili ya lita 20 kwa kila kaya, sabuni, na tembe za klorini. Tembe ya miligramu 67 hutibu lita 20 za maji maangavu baada ya nusu saa. Maji ya kuchimbwa kwenye laga, yaani mto wa msimu uliokauka, huwa na tope, na tope huimeza klorini, kwa hiyo huchujwa kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa na kutiwa tembe mbili. Plumpy'Nut humtia mtoto kiu; akinywa maji machafu juu yake, kuhara kunaondoa kila kilichoingia. Lori, upakuaji na ghala ni 68,000, na chakula na pesa taslimu kwa kaya zote ni 600,000.

Tunaomba pia msituletee maziwa ya kopo wala chupa za kunyonyeshea, hata kama moyo wenu unawatuma. Chupa isiyochemshwa pasipo maji safi huua, na tangu 2012 Kenya ina sheria inayodhibiti bidhaa hizo. Nguo tunazo za kutosha. Mwenye mahindi shambani Trans Nzoia na alete, yatapimwa kwa chumvi kama ya wengine.

Picha za watoto hatutazituma. Taarifa itasomwa kanisani kila Jumapili ya mwisho wa mwezi: kaya ngapi zimepokea, risiti za Kitale, watoto wangapi wamepona, wangapi wameacha tiba na wangapi wamefariki, bila kutaja jina. Akaunti ina watia saini watatu. Nambari ya paybill imebandikwa kwenye ubao wa kanisa na iko kwa mweka hazina. Yeyote atakayekuomba utume kwa simu yake binafsi si wetu.

Mnada wa mbuzi na ahadi utafanyika Jumamosi ya pili ya Februari, baada ya ibada ya asubuhi. Ahadi zote zilipwe kabla ya mwezi kwisha, kwa sababu kuanzia Machi laga hujaa, na lori likichelewa siku mbili linaweza kulala ng'ambo ya maji wiki nzima likiwa na mahindi mgongoni. Shilingi 7,500 ni kaya moja kwa mwezi mmoja. 3,200 ni nauli ya mama mmoja hadi mwanawe apone. 300 ni sahani ya leo ya mama aliye wodini.