Mgonjwa aliyenyamaza hajapona

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu wa miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, lakini ile taarifa yenu ya kusifu jinsi wagonjwa wa skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, wanavyotulia baada ya sindano ya kila mwezi imenishinda kuinyamazia.

Mdogo wangu, fundi baiskeli, naye alitulia. Alitembea mikono haichezi, uso haubadiliki, na siku moja akamkabidhi kijana wa jirani spana zake zote pamoja na pampu, akisema hatazihitaji tena. Nilipolieleza jambo hilo kliniki, mhudumu hakuinua hata macho kutoka kwenye daftari. Alinijibu kwamba mwenye ugonjwa huu akinyamaza, ndugu zake wamshukuru Mungu, kisha akaandika dawa ziendelee na kumchoma sindano mlango ukiwa wazi, foleni nzima ikitazama. Hakuna aliyemuuliza kama analala, kama anajilaumu au kama anatamani kufa, ilhali ukimya ule ungeweza kuwa ni ugonjwa wenyewe uliomuua ari, au ni haloperidoli, dawa ya sindano ile, iliyomkakamaza, au ni sononi, yaani huzuni ya kuugua, iliyojipenyeza juu ya yote hayo, na kila kimoja kina tiba yake. Vivyo hivyo mwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi: akipewa amitriptilini, dawa ya sononi, peke yake kwa sababu tu ana huzuni, anaweza kupandwa na wazimu wa kuchangamka, akakesha akiongea na kugawa fedha za ada.

Ni hospitali nyingine iliyomuuliza mdogo wangu. Walipunguza dozi kwanza, wakapima damu na tezi ya shingo, wakasubiri, na huzuni ilipobaki palepale ndipo wakaanza kuitibu.

Halafu tunashangaa kwamba wagonjwa hawasemi! Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, wakati wenzetu wa Kenya, Mahakama Kuu yao ilikitangaza kifungu chao kama hicho, cha 226, kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Nani atajitia kitanzi cha polisi kwa kumjibu daktari ukweli?

Kipo kipimo cha Calgary, kilichotungwa mahususi kutambua sononi kwa wagonjwa wa skizofrenia. Kichapwe kwa Kiswahili mwishoni mwa daftari la kliniki, kijazwe kabla ya sindano, mlango ukiwa umefungwa. Kina vipengele 9 tu, na cha mwisho hakina swali: mhudumu anatakiwa amtazame mgonjwa. Kama muda hautoshi, waanze na hicho.

Dada wa mgonjwa,
Tanga