Salamu za Idi kutoka Muheza: mwaka huu sina wa kunisahihisha

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, mlio karibu na mlio mbali, mwezi umeandama. Kwa niaba ya Mama, wadogo zangu na ukoo mzima, nawatakia Idi njema yenye heri na baraka. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu, tarawehe zetu na sadaka zetu, atusamehe tulipoteleza, na atufikishe Ramadhani nyingine tukiwa na afya na imani. Minal aidina wal faizina.

Nilikusudia kuandika haya mapema, nikashindwa. Kila Idi salamu ya kwanza ilikuwa ya Baba, na namba yake bado ipo kwenye simu yangu, juu kabisa. Jana baada ya magharibi kidole kilikwenda chenyewe.

Mliomfahamu mnajua kwamba Baba hakupokea salamu za kusambazwa. Mwaka tuliomnunulia simu kubwa nilimrushia picha moja ya msikiti, maua na maandishi ya dhahabu, niliyokuwa nimeletewa na mtu. Akajibu: "Hii ni ya mtu mwingine. Niandikie yako." Nikaandika yangu, mistari minne. Haikupita robo saa ikarudi imesahihishwa: "Nakutakia ni neno moja, usilikate. Si alafu, ni halafu. Nimeipokea kwa furaha. Idi njema, mwanangu." Tukaendelea hivyo kila mwaka. Mimi mtu mzima mwenye watoto, nilikuwa naisoma salamu yangu mara tatu kabla sijaituma, na nikipata jibu lisilo na sahihisho hata moja, siku hiyo nilikuwa natembea kifua mbele.

Alitutoka Mfunguo Sita, siku chache baada ya maulidi ya mtaani kwetu. Mama ametoka eda Rajabu. Hii ndiyo Idi yetu ya kwanza bila yeye, na naomba mniwie radhi nikimtaja zaidi ya inavyozoeleka kwenye salamu.

Baba alimaliza darasa la saba 1974, mwaka wa Azimio la Musoma. Nchi ilikuwa imeamua kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, mpango ulioitwa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, na walimu hawakuwepo. Vijana kama yeye wakachukuliwa, nusu ya siku wanafundisha, nusu nyingine wanasomea ualimu. Alipewa darasa akiwa hajaota ndevu vizuri. Madawati hayakutosha, wengine walikaa chini, na kundi la asubuhi likitoka, la mchana linaingia. Nimewasikia watu wakisema "mwalimu wa UPE" kwa kubetua midomo. Wengi wao herufi ya kwanza waliandikishwa na mwalimu huyo huyo. Baba alijiendeleza taratibu, kutoka daraja C hadi A, huku akitulea, na wala hakujibu dharau hiyo hata siku moja. Mimi ndiye iliyokuwa inanichoma.

Jioni alikuwa na darasa la pili, la kisomo cha watu wazima, kwa wakata mkonge na akina mama wa kijijini. Bibi yetu, mama yake mzazi, alikuwa anakaa mstari wa nyuma, maana aliona haya kufundishwa na mwanawe. Siku alipoandika jina lake bila kuangalia ubaoni alirudi nyumbani akaliandika tena kwa mkaa ukutani jikoni, karibu na mafiga. Ukuta ule uliposiribwa upya, Baba alimwomba fundi apitie pembeni. Serikali ilipotangaza 1986 kwamba watu wazima karibu 9 kati ya 10 wanajua kusoma na kuandika, Baba hakuzungumza sana. Alisema tu, "Mama yangu yumo."

Na nyumbani je? Mwalimu mkali wa shuleni ndiye aliyekuwa anatupigia pasi. Usiku wa kuamkia Idi anatandika mkeka sebuleni, anawasha pasi ya mkaa, anaipuliza majivu nje ya mlango, kisha nguo moja baada ya nyingine: kanzu yake mwisho, gauni la Mama mwanzo. Sisi tumelala, au tunajifanya tumelala, tunasikiliza maji yakinyunyizwa na pasi ikilia chsss. Ile miaka ya 1983 na 1984, sukari kwa foleni na madukani rafu tupu, Idi ilikaribia na sisi hatuna cha kuvaa. Baba alikuwa na kaunda suti moja ya maana, ya kijivu, ya kwendea mikutano ya wilaya. Akampelekea fundi cherehani, zikatoka kaptula mbili, yangu na ya kaka. Mikutano iliyofuata alikwenda na shati la kawaida, akiwa amelifunga vifungo vyote hadi shingoni. Nilikuja kuelewa nimeshakuwa baba.

Nayakumbuka hayo kwa sababu mwaka huu nao umetubana. Nyama imepanda bei, mchele haushikiki, nauli za sikukuu zimepanda kama kawaida yake, na kuna nyumba ambazo pilau la kesho litapikwa kwa mkopo. Nimemwona mzee mmoja sokoni akiuliza bei ya viazi, akiuliza bei ya vitunguu, kisha anakunja mfuko wake na kuondoka. Tusijikaze kwa kuoneshana. Mtoto wa kaptula iliyogeuzwa anafurahi Idi sawasawa na mtoto wa nguo mpya, mimi ni shahidi.

Baba alistaafu 2017. Kiinua mgongo kilichelewa, faili likawa linatafutwa kutoka meza moja hadi nyingine, na mtu aliyefundisha miaka zaidi ya arobaini akawa anapanda basi la alfajiri na bahasha kwapani kwenda kuambiwa arudi wiki ijayo. Hakulalamika, lakini alirudi kimya. Siku ya maziko, barabara ilijaa magari ya wanafunzi wake, wakubwa kwa wadogo, na kila mmoja akasimama akaeleza alivyofunzwa naye. Nilishukuru, na bado nashukuru. Ila moyoni nilijiuliza, maneno matamu yote haya, wangapi waliyapeleka pale barazani alipokuwa anakaa peke yake na redio yake tangu asubuhi?

Ndugu zangu, ndiyo maana nasema leo na wala sitapunguza: mwalimu wako yuko hai, nenda. Usimtumie picha ya maua. Nenda na kilo ya sukari, au nenda mikono mitupu, mpe shikamoo, kaa naye hata nusu saa, mwambie jina lako na ulikaa dawati gani. Mzee wako yuko hai, mpigie simu kabla ya pilau, msikilize hata akirudia hadithi ile ile. Wastaafu wetu wanamezwa na upweke huku sisi tumeinamia simu. Tunatoa zaka ya fitri tukihesabu pishi kwa makini, na ni vyema, lakini kuunga udugu nako ni ibada, na haina kadha, ikipita hailipwi. Waliogombana na ndugu kwa ajili ya shamba au mirathi, Idi hii ivunje ukimya huo. Tangulia wewe kutoa mkono. Na sisi wazazi tuwaandikishe watoto wetu salamu zao wenyewe, kwa mkono wao, mstari mmoja unatosha. Binti yangu wa miaka minane ameandika yake jana kwa babu yake. Kaandika "nakumisi". Nimeuacha ujumbe kama ulivyo, tutakwenda nao.

Kesho inshallah swala ni uwanjani saa moja na nusu. Baada ya khutba tunapitia makaburini kusoma Yasini, kisha wote kwa Mama. Chai na vitumbua vipo kuanzia saa tatu, pilau baada ya adhuhuri. Mwenye kuja na mgeni asione taabu kuja naye. Wagonjwa Mungu awaponye, wasafiri awafikishe, wafiwa awape subira, marehemu wetu awasamehe na kuwapanulia makaburi yao.

Kullu aam wa antum bikhayr. Mama anawasalimu nyote, na anasema pasi ya mkaa ipo, ameitoa juani tangu juzi.