Wakala wa ardhi, Rothbard na sisi wa Majengo

Majengo, Mombasa

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, Alhamdulillah. Mama mguu umepungua uvimbe na anakusalimu sana. Anasema ukija kutoka Maskati safari hii usimletee udi, mletee dawa ya magoti.

Ama baada ya salamu, nimezisikiliza sauti zako zote ulizonitumia kwa simu kuhusu uanakisti wa mali, yaani hiyo imani yako ya watu kuishi bila serikali na kila mtu kubaki na mali yake, na nimeona nikujibu kwa barua, kwa sababu kwa simu wewe hukubali kukatizwa. Unasema serikali haina kazi inayofanya ambayo watu hawawezi kuifanya wenyewe kwa hiari. Mtu akiwa na haki juu ya mwili wake na mali yake, na mikataba ikiheshimiwa, mengine yatajipanga. Ushuru, unasema, ni unyang'anyi wenye risiti. Hapo kwenye risiti nilicheka peke yangu mpaka mama akauliza kuna nini.

Nianze na tunapokubaliana, maana si padogo. Mtu aliyekulia Mombasa huwezi kumtisha kwa kumwambia ati serikali ikiondoka watu watalana. Mwenyewe unajua dada zetu wanavyocheza mchezo hapa mtaani: kila mwezi mmoja anabeba fungu lote, hakuna mkataba wala wakili, na atakayepokea zamu yake kisha akaingia mitini hataonyesha tena uso kwenye arusi wala matanga. Mzigo wa Lamu tunampa utingo wa basi. Jina na nambari ya simu tunaziandika kwa kalamu nene juu ya boksi, na unafika. Kwa hivyo habari ya Lysander Spooner, yule mwanasheria wa Massachusetts aliyefungua kampuni ya barua mwaka 1844 ashindane na posta ya serikali ya Marekani, haikunishangaza. Alitoza bei ya chini, barua zikafika, bunge lao likalazimika kushusha bei za posta, na kufikia 1851 likawa limemfungia biashara kabisa. Utingo wetu anaachwa, nadhani, kwa sababu hakuandika kijitabu kuwathibitishia wakubwa kwamba hawana haki ya kumzuia. Spooner aliandika.

Kwa Molinari ndipo nilipoanza kujikuna kichwa. Mbelgiji huyo aliuliza mwaka 1849: ikiwa ushindani ni mzuri kwa bidhaa nyingine zote, kwa nini usalama uuzwe na duka moja tu? Wenzake wa Paris, wachumi waliolipenda soko huria kama dini, walipolijadili jambo hilo hakuna aliyemuunga mkono. Wewe unasema waliogopa. Mimi nakwambia vuka daraja la Nyali usiku uangalie huku na huku. Nyali kwenyewe kila geti lina askari wa kampuni, ukuta una waya wa umeme, na gari la doria linaitwa kwa kubonyeza kitufe. Endelea mbele mpaka Kisauni: vijana wakitoka na mapanga, watu hufunga milango na kupigiana simu, na wenye uwezo huchangishana kumlipa Mmaasai mmoja mwenye rungu na tochi alinde kichochoro kizima. Huo ndio usalama wa kununua. Hauhitaji kungojewa, upo tayari, na kila mtu amepata wa kiasi cha mfuko wake. Najua utanijibu kwamba mtu wa Kisauni analipa ushuru pia, kwa hivyo ulinzi anaulipia mara mbili na kuupata nusu. Hapo umenishika, siwezi kujinasua.

Lakini lililonikalisha chini kuandika ni mali yenyewe. Falsafa yako yote imesimama juu ya mtu kuwa na chake. Haya. Chake tangu lini, na alikipataje?

Nyumba ya bibi unaijua. Vyumba sita, ukumbi katikati, uwanja nyuma wenye jiko na choo. Kuta ni zetu, mabati yetu, milango yetu, wapangaji ni wetu. Ardhi iliyo chini yake si yetu. Kila mwanzo wa mwezi huja wakala wa mwenye ardhi na kitabu chake cha risiti chenye karatasi ya kaboni iliyochakaa. Anaketi barazani, anaandika "kodi ya kiwanja" kwa mwandiko wa kulala, anachana, anatuachia. Chai hanywi. Mwenye ardhi mwenyewe sijapata kumwona. Na hatuko peke yetu, nyumba bila ardhi zimejaa Kisauni, Kongowea, mpaka Changamwe. Sheria ya Kiingereza inasema kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Sisi watu wa pwani tumeendelea na desturi yetu, kwamba mnazi waweza kuwa wangu na shamba likawa lako. Nyumba hizi hurithiwa, huuzwa na kununuliwa kwa karatasi na mashahidi, na mnunuzi mzoefu haanzi kwa kuangalia paa. Anauliza mwenye ardhi ni nani, yu hai, na watoto wake wana tamaa ya kuuza au la.

Huo ni utaratibu wa hiari wa hali ya juu, ungeutia kwenye mihadhara yako. Hakuna bunge lililoutunga. Ila siku mwenye ardhi akipata mtu wa kujenga ghorofa, tunaambiwa tubebe nyumba yetu. Na mkataba haujavunjwa! Ndivyo ulivyokuwa tangu mwanzo, ndiyo maana zamani wenye ardhi hawakutaka mtu ajenge kwa vifaa vya kudumu. Mtu wa mali atasema mwenye chake kachukua chake.

Basi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1908 serikali ya mkoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ule ukanda wa pwani wa maili 10. Kila anayedai ardhi aje aandikishe dai lake. Isiyodaiwa ikahesabiwa ya Mfalme wa Uingereza. Aliyepata habari mapema, mwenye mashahidi wa heshima na wa kumwandikia, alitoka na hati. Mgiriama au Mdigo ambaye ardhi yake ni ya ukoo na haina karatasi, alilala mwenye shamba akaamka skwota. Na wako watu wa mji, katika jamaa zetu wenyewe, waliofaidika na mpango huo. Tusijifanye hatukuwapo.

Hapa ndipo mabwana zako wanapokugeuka, sahibu. Murray Rothbard, huyo mchumi Mmarekani unayemtaja kila dakika mbili, hakusema kila hati ni halali. Alisema ardhi ni ya aliyeifanyia kazi kwanza na warithi wake. Alichopewa mtu na mfalme au dola, juu ya vichwa vya wanaolima, kwake si mali, na mkulima anayetozwa kodi hapo ndiye mwenyewe hasa. Aliyaandika hayo wazi mwaka 1982, akiwalenga makabaila wa nchi kama za Amerika ya Kusini. Benjamin Tucker, anakisti Mmarekani aliyemtangulia, alikwenda mbali zaidi: haki ya ardhi ni ya anayeikaa na kuitumia, na kodi anayotoza asiyekuwapo haina msingi. Proudhon naye, yule mpiga chapa wa Besançon aliyekuwa wa kwanza kujiita anakisti, aliandika mwaka 1840 kwamba mali ni wizi. Watu humnukuu hapo na kumwacha, ilhali nyumba ya anayeikaa hakuwa na ugomvi nayo hata kidogo, na baadaye akaja kusema mali hiyo hiyo ni ngao ya mtu dhidi ya dola. Watatu hawa hawapatani kwa mengi. Proudhon na Tucker walijiita wasoshalisti, Rothbard ungemwita hivyo angekufukuza nyumbani kwake. Lakini waonyeshe hati ya 1908 yenye skwota juu yake, na wote watatu wataitazama kwa jicho baya.

Kwa hivyo hao matajiri unaokutana nao huko, unaowaambia uanakisti wa mali utazilinda mali zao, wamalizie na nusu ya pili. Wangapi wenye ekari hapa pwani wangebaki nazo, kila hati ikitakiwa kuonyesha jasho la kwanza?

Nikupe na hii ya kuchekesha. Serikali yenyewe hapa ilikuwa na nyumba bila ardhi. Mwaka 1895 Waingereza waliukodi ukanda huu kwa Sultani wa Zanzibar, pauni 11,000 kwa mwaka, na bendera nyekundu ya Sultani ikapepea Fort Jesus mpaka 1963. Dola kubwa kuliko zote duniani, mpangaji! Ikatoza kodi kila kibanda, ikaamua nani mwenye ardhi na nani si mwenye, na ardhi yenyewe ni ya kukodi. Ukimgeukia Sultani naye umuulize aliipataje, utarudi 1837 Seyyid Said alipowang'oa Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, na nyuma ya Mazrui wako Waomani wengine, kisha Wareno, na hutakuta mahali mtu aliyeingia kwa kubisha hodi.

Nani basi ataamua, tukishaondoa mahakama? Ulinitajia Iceland, tangu 930 mpaka 1262 bila mfalme, kila mkulima akijichagulia mkubwa wa kumfuata, mahakama zipo na polisi hakuna. Vizuri. Ila aliyeshinda kesi ilibidi atekeleze hukumu mwenyewe, na mnyonge akawa hana budi kumpa mwenye nguvu kesi yake. Mwisho koo chache zikazoa kila kitu, zikapigana, na nchi ikamwangukia mfalme wa Norway. Na ya nini kwenda kwenye barafu, wakati kaya, ile miji ya msituni ya Mijikenda, ziko hapa nyuma yetu? Mijikenda hawakuwa na mfalme. Wazee waliamua, kiapo kikalazimisha. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama wasiwatumikie Waingereza, wasitoe kodi wala vijana wa kazi, na mwaka uliofuata Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Katika watu wote wa vitabu vyako sijaona aliyeikataa dola kwa uzito huo. Spooner aliikataa kwa wino.

Lakini sikusifii kaya bila kukwambia na upande wa pili. Aliyezaliwa ndani ya kiapo hakuulizwa hiari yake. Na leo hii Kilifi wazee wenye mvi wanauawa kwa kusingiziwa uchawi, na ukichimba, mara nyingi chini ya huo uchawi utakuta shamba ambalo vijana wa nyumba wanataka kuliuza. Hakuna dola iliyoagiza hilo. Ni jamaa wenyewe wamekaa, wakakubaliana, hiari ya wengi juu ya shingo ya mmoja. Katika sauti zako zote sikusikia ukimtaja mzee huyo, na mimi kila nikisoma habari zake namfikiria babu yako wa Kaloleni.

Sijawa mfuasi wako, basi. Mchezo, utingo, nyumba bila ardhi, hayo nayaamini kwa sababu nimeyaishi, na anayetaka kuyaandikia sheria namuomba ayaache. Ila mnada wa ulinzi sitaki uanze kabla hatujajua nani mwenye nini, maana siku hiyo mtu wa ghorofa ataajiri kampuni nzima na sisi tutachangishana kwa Mmaasai wa tochi. Nitashikilia mahakama ninayoujua mlango wake, pamoja na ubovu wake, mpaka unionyeshe kitu cha kuweka pale.

Nijibu hili, na safari hii kwa maandishi. Mwezi ujao wakala akija, nimpe au nisimpe? Tucker anasema nisimpe. Rothbard atauliza nani alilima Majengo kwanza, na kwa hakika si bibi: yeye alikuta kiwanja kina mwenyewe, akakubali kulipa tangu siku ya kwanza, hakuna aliyemshikia panga. Ikiwa ridhaa yake ndiyo sheria, imenifunga na mimi niliyezaliwa baadaye? Ulisema katiba haimfungi asiyeitia saini, na hoja hiyo umeitoa kwa Spooner. Itumie na kwa risiti zetu nione unafika wapi.

Nisalimie wote wa huko, na hizo dawa za magoti uliza za kupaka, za kumeza zinamsumbua tumbo.

Wasalaam,
Sahibu yako